Betri Iliyokuwa Ikifia Kimana

Katika mji wetu wa Kitengela kuna uongo ambao kila mke anaujua kwa moyo, nao ni huu: gari limekataa kuwaka. Mimi Evalyne, ambaye majirani huniita Mama Mwende, nimeolewa na fundi wa umeme wa magari, kwa hiyo nimeusikia kutoka pande zote mbili. Nimewasikia wake wakiusimulia huku wakichagua mchele, na nimewaona waume wakija kwenye karakana ya Mutunga, mume wangu, kumwomba aseme, mtu akiuliza, kwamba gari lilikuwa kwake tangu jana. Mutunga hukataa. Ana kasoro nyingi, nami humtajia zote kila wiki asije akasahau hata moja, lakini hajawahi kumsaidia mwanamume mwingine kudanganya nyumbani kwake. Basi siku jirani yetu Makokha alipomwambia mkewe kwamba betri ilimfia Kimana, ndiyo maana hakurudi Jumapili, mimi niliyekuwa nikianika nguo upande wa pili wa ukuta nilijisemea kimoyomoyo: ameanza.

Huyo mkewe, Nakhumicha, ndiye ninayetaka mumjue.

Alitoka Kimilili akiwa msichana aliyemaliza shule, akaja kukaa na shangazi yake Isinya, akapata kazi katika shamba la maua. Alianza kwa kupalilia, akahamishwa kwenye ukumbi wa kupanga waridi kwa urefu, na baada ya miaka akawekwa kwenye meza ya mwisho kabisa, pale ambapo maua hutazamwa kabla ya kuingia kwenye stoo ya baridi na kusafirishwa. Kazi yake ni kukataa. Unamletea waridi ambalo mimi na wewe tungelibusu, yeye analigeuza mara moja na kuona shingo iliyopinda, au ukungu unaoanza chini kabisa ya petali, analitupa kando bila kukutazama. Wazungu hawajawahi kurudisha maua yaliyopitia kwake. Anajivunia hilo, na ana haki.

Taabu ni kwamba macho hayo hakuyaacha kazini. Nyumbani aliona glasi iliyooshwa nusu. Sokoni aligeuza nyanya hadi mwenye kibanda akasonya. Binti yake mkubwa, Valerie, alikuwa akivaa sare ya shule mbele yake huku ameshikilia pumzi, kana kwamba anapita kwa askari. Nilimpenda, na bado nampenda, lakini nilikuwa napangusa meza yangu kila nilipomsikia akibisha.

Makokha ni mtu wa maneno machache, mtu wa Butere, mwenye mwendo wa polepole hata akiwa na haraka. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya watalii, hadi kampuni iliyomwajiri ikafungwa, akabaki na pikapu yake kuukuu. Badala ya kulia, alikwenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma akatengenezewa trela la kulala: lina kitanda cha watu wawili, friji ndogo, taa, tangi la maji, na turubai linalofunguka kando likawa kibaraza. Vijana wa Nairobi wanaotaka kuuona Mlima Kilimanjaro wakiamka humkodi. Yeye hulivuta trela hadi Kimana, kwenye ardhi ya rafiki yake Metito, akawatandikia wageni, naye akalala kwenye hema dogo kando. Huondoka Ijumaa na kurudi Jumapili.

Ni kazi halali. Lakini niwaulize akina mama: mume akinunua gari, si unamwombea? Basi akiliongezea kitanda nyuma, unaomba na kufunga.

Mara ya kwanza betri ilipokufa, Nakhumicha alimwonea huruma, akampashia maji ya kuoga. Mara ya pili aliuliza maswali. Mara ya tatu Makokha aliingia Jumatatu jua likiwa limepanda, akasema kwamba Metito alilazimika kutafuta gari lingine la kumjampisha, yaani la kumwazima umeme wa kuwashia. Nakhumicha alichukua ndoo na kitambaa, akaenda kuosha pikapu. Hakuna aliyemtuma. Alirudi kupitia mlango wangu wa jikoni, akafungua kiganja. Palikuwa na ushanga mmoja mwekundu, mdogo kama punje ya mtama.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa kiti ya dereva. Imeingia kwa ule mshono," akasema. "Na kiti imesukumwa mbele, Mama Mwende. Baba Valerie ni mrefu. Akiketi hivyo, magoti itagonga usukani."

"Pengine alikuwa anaosha."

"Redio nayo? Nimewasha, inaongea Kimaa, hiyo ya Wamaasai. Makokha anajua Kimaa ya salamu peke yake."

Nilikaa chini. Kisha akaniambia jambo la nne, ambalo alikuwa amelificha kwa wiki nzima: kuna mtu humpigia Makokha simu kabla ya kila safari, na jina linalotokea kwenye kioo ni Soipan Kimana. Akipiga, Makokha hutoka nje kuongea. Makokha husema anatafuta mtandao. Mtandao Kitengela, mahali ambapo hata mbuzi wakisimama juu ya mawe wanaweza kupiga simu.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamwambia. "Twende kwa Mutunga."

Hapa lazima nieleze kidogo, na mniwie radhi, mimi ni mke wa fundi tu. Trela lina betri yake lenyewe, ambayo hulisha friji na taa. Pikapu nayo ina yake ya kuwashia injini. Gari likitembea, betri zote mbili hujazwa pamoja. Gari likizimwa ni lazima zitenganishwe, la sivyo friji itaanza kula ya gari pia, na asubuhi injini haina nguvu ya kuamka. Ni kama wake wenza: wakiwa na majiko mawili wataishi, wakipewa chungu kimoja mmoja atalala njaa. Kazi ya kuzitenganisha hufanywa na kidude kidogo kinachoitwa rilei, na aliyekifunga kwenye pikapu ya Makokha ni Mutunga mwenyewe.

Makokha akiwa amelala kwa uchovu wa safari, Mutunga alifika uani akaipima betri ya gari mbele yetu. Akawasha injini, akapima tena. Kisha akamwita Nakhumicha karibu na mahali trela linaposhikana na gari.

"Skiza," akasema, akageuza swichi. Tukasikia sauti ndogo, tak. "Hapo zimeungana." Akazima, akachomoa funguo. Tak. "Hapo zimeachana. Friji inakula yake, gari iko na yake."

"Kwa hivyo betri ya gari haiwezi kufa?" Nakhumicha akauliza.

"Betri ni mzima, chaji iko sawa, rilei inakata. Haiwezi kufa yenyewe, mama."

"Na kama inakufa?"

Mutunga alipangusa mikono. Mume wangu hana lugha ya mzunguko. "Basi kuna mtu anaiua. Ama haijakufa," akasema.

Nilitamani ardhi immeze mume wangu. Nilimwona Nakhumicha akitikisa kichwa polepole, jinsi anavyofanya, nadhani, akiwa mezani kwake kazini, kabla ya kulitupa ua.

Kuanzia siku hiyo aliacha kugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia wazi alichokuwa amepanga. Ataomba likizo, ataandamana na Makokha Kimana, ataona kwa macho yake. Akikuta ni uongo, harudi kuishi naye. Atakwenda kwa mama yake Kimilili na watoto wote wawili. Kaka yake, Nick, alikuwa ameshaambiwa afike Kitengela Jumapili asubuhi, maana kwao mwanamke haondoki peke yake kama mkimbizi, ni lazima atolewe na mtu wa kwao. Alhamisi, Makokha akiwa amekwenda kununua mkaa wa wageni, alifunga nguo za watoto na zake kwenye mikoba, akaisukuma chini ya kitanda. Mimi nikaachiwa watoto na ufunguo wa nyumba.

"Na kama si uongo?" nilimuuliza.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akanijibu.

Makokha alipoambiwa kwamba mkewe anataka kuandamana naye auone mlima, alifurahi. Hakuuliza kwa nini. Alikwenda sokoni akamnunulia kofia pana ya jua, akamletea ikiwa imefungwa kwa gazeti, naye Nakhumicha akaivaa mbele ya kioo akamshukuru. Baadaye aliniambia kwamba furaha ile ndiyo iliyomkasirisha kuliko kiti na ushanga. Mtu asiyejificha, alisema, angeuliza kwa nini.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na kila mara kwa namna ileile.

Waliondoka Ijumaa asubuhi, wageni wakifuata kwa gari lao. Walipopita Isinya aligeuza uso asilione lango la shamba. Kajiado mjini walisimama kunywa chai na mandazi, na hapo simu ya Makokha ikalia. Nakhumicha alikuwa ameshaona jina kabla mwenyewe hajaona.

Makokha hakutoka nje safari hii. "Eeh, tunakuja leo," akasema. "Eeh. Lakini leo niko na mama." Akacheka, akaiweka simu mezani.

Niko na mama. Nakhumicha aliyatafuna maneno hayo kutoka Kajiado hadi Mashuru na kutoka Mashuru hadi Emali. Kwa nini mtu aonywe kwamba mke yuko?

Kimana waliwapokea vizuri, na mapokezi mazuri ni kitu kingine kinachomtia shaka mtu aliyekwisha kuamua. Metito ni mwanamume mwembamba, mchangamfu, analima vitunguu upande mmoja wa ardhi yake na kulisha ng'ombe upande mwingine. Makokha alipoegesha, Nakhumicha aliona jambo la ajabu: mumewe alizima gari, akashuka, akaacha funguo mahali pake. Kitengela, Makokha akienda hata msalani huchomoa funguo.

"Umesahau funguo," akamwambia.

Aliyemjibu ni Metito. "Hapa funguo haichomolewi, mama. Na trela haitolewi kwa gari. Ndovu ikija kwa shamba ya nyanya ya jirani, inapita hapa. Kuna mgeni alilala na funguo kwa mfuko, gari yake imeziba njia. Tulimtafuta kwa hema zote, ndovu wamesimama pale kwa mti. Sasa hiyo ni sheria. Gari inakaa tayari, mtu yeyote anaweza kuitoa."

Mtu yeyote. Nakhumicha akaliweka hilo pia kwenye akili.

Kisha akamwona Soipan. Ndiye mke wa Metito. Ni mfupi, mwenye uso wa kucheka na pengo la mbele, shingoni ana shanga mizunguko kadhaa, na nyingi kati ya hizo ni nyekundu. Nakhumicha alimpa mkono, na aliniambia kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa baridi kama maua ya kwenye stoo. Mke wa rafiki, akawaza. Hata aibu hana.

Jumamosi mchana, Makokha na Metito waliwachukua wageni kwa miguu hadi kwenye chemchemi kutazama wanyama, wakasema watarudi jua likishuka. Nakhumicha alisema kichwa kinamuuma. Wageni wakamwachia kitanda cha trela ajilaze. Alifunga mlango, akasogeza pazia kiasi cha kupenyeza jicho, akangoja. Alikuwa na hakika kwamba Makokha atasingizia kusahau kitu, atarudi peke yake. Aliniambia kwamba alikuwa tayari hata na neno la kwanza atakalosema, ila mpaka leo hajanitajia ni neno gani.

Makokha hakurudi. Alikuja Soipan, amebeba sufuria.

Alifungua mlango wa dereva, akakivuta kiti mbele hadi miguu ikafika, akaiweka sufuria pembeni. Kisha akageuza swichi kidogo, bila kuwasha injini. Redio ikaanza kuimba kwa Kimaa. Na papo hapo, chini ya trela, Nakhumicha akasikia: tak. Friji iliyokuwa karibu na kichwa chake, ambayo ilikuwa ikinguruma kwa unyonge, ikapata nguvu.

Aliketi. Alikuwa ameisikia sauti hiyo Kitengela, Mutunga akimfundisha: hapo zimeungana.

Kupitia pazia alimwona Soipan akitoa simu kwenye sufuria, moja baada ya nyingine. Simu ndogo za vibonyezo, simu zilizofungwa kwa mpira, simu zenye vioo vilivyopasuka. Alizichomeka kwenye chaja yenye midomo mingi iliyoshikizwa kando ya redio, kisha akatoa uzi na shanga kwenye mkoba, akaanza kutunga huku akiimba na redio. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakasimama dirishani, wakachukua simu zao, wakaacha nyingine, wakacheka. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja. Jua lilisogea, redio iliimba, na friji iliendelea kujinywea betri ya gari bila mtu kuiambia kitu.

Nakhumicha alilia. Nimuulize mara ngapi, jibu lake ni hilo: alilia kwa furaha kwanza, kisha akalia kwa jambo jingine. Alijipangusa, akateremka.

"Takwenya," Soipan akamsalimia kwa ile salamu yao ya wanawake.

"Iko," Nakhumicha akajibu, jibu ambalo Makokha alikuwa amemfundisha njiani. "Hizi simu ni za nani?"

"Ni za wamama wa hapa wote. Sola yetu ilikufa. Baba Valerie alisema tuchaji kwa gari, simu ni kitu kidogo, haiwezi maliza betri." Soipan alimtazama machoni. "Kichwa imepoa, mama? Nilipunguza redio kwa sababu yako. Alisema leo yuko na wewe, tusikusumbue."

"Ni wewe humpigia kabla aje?"

"Ni mimi. Nikijua anakuja, wamama hawaendi mpaka Kimana sokoni kutafuta mahali pa kuchaji."

Nakhumicha aliingiza mkono dirishani akarudisha swichi. Tak. Akaigeuza tena. Tak. Soipan akadhani kichwa bado kinamuuma. Mwenzangu alirudia hivyo mara kadhaa, kama anavyogeuza ua, na kasoro ikajionyesha yenyewe. Simu kweli ni kitu kidogo. Lakini Mutunga wangu, huyo fundi ninayemsifu, alipofunga rilei alichukua waya wa redio kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Kwa hiyo redio ikilia, rilei inadhani gari linatembea, inaunganisha betri, na friji inakula chungu cha mwenzake jioni nzima. Kitengela jambo hilo lisingetokea kamwe, maana Kitengela hakuna anayeacha funguo kwenye gari. Ilihitaji ndovu.

Makokha aliporudi alionyeshwa. Alichutama kando ya gari, akasikiliza tak ile, akainua uso akacheka kicheko ambacho Nakhumicha hakuwa amekisikia tangu kampuni ifungwe. Wakachomoa plagi ya trela kutoka kwenye gari, na wakamwambia Soipan ahamishie simu zake kwenye soketi ya trela. Jumapili asubuhi injini iliitika mara moja. Metito alipiga makofi.

Jioni ile ya Jumamosi, kabla ya kula, Nakhumicha alikuwa amejitenga kidogo akamwandikia kaka yake ujumbe: usije, nimekosea, Makokha hana hatia. Nick alikuwa ameshapanda basi. Alipiga simu, lakini Makokha alikuwa ameketi karibu, kwa hiyo Nakhumicha akasema "tutaongea", akakata.

Sasa ya nyumbani niliyaona mimi. Nick alibisha kwangu asubuhi, macho mekundu kwa safari, kijana mpole, amechomekea shati. Nilimkaribisha chai. Akanionyesha ule ujumbe.

"Mama, unaona hii?" akaniuliza. "Dada yangu hajawahi kuandika kwamba amekosea. Tangu tuzaliwe. Hii imeandikwa na huyo mzee, amemnyang'anya simu. Na nikimpigia, anakata."

Nilisoma nikatazama ukuta. Kwa kweli, hata mimi niliona ana hoja. Nilimwambia angoje. Alingoja kidogo, kisha wajibu wa kaka ukamshinda. Ufunguo nilikuwa nao, na maagizo ya Nakhumicha kwangu yalikuwa wazi, kwa hiyo nikafungua. Akaitoa mikoba chini ya kitanda akaipanga barazani. Valerie akavalishwa viatu. Mdogo wake akaanza kuuliza kama kwa nyanya kuna televisheni.

Ndipo pikapu ikaingia langoni na trela nyuma, ikipiga honi. Ilikuwa kabla ya mchana, Jumapili. Makokha alikuwa ametoa kichwa dirishani anatabasamu, anataka tumwone kwamba amerudi siku aliyosema. Nakhumicha alikuwa kando yake na ile kofia, na nilimwona akiishika kwa mikono miwili alipoiona mikoba.

Makokha aliteremka, akampa mkono shemeji yake. "Karibu, Nick. Kuna msiba?"

Nick alimtazama dada yake. Dada yake aliitazama ardhi. Makokha akaangalia mikoba mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa ule wa buluu aliosafiri nao siku za utalii.

"Hizi zilifungwa lini?" akauliza.

Nakhumicha hajui kusema uongo, na hapo ndipo nilipotamani angejua. "Alhamisi," akasema.

"Kabla hatujaenda."

"Kabla."

"Kwa hivyo hiyo siku nilikuletea kofia, ilikuwa imefungwa tayari."

Makokha aliibeba mikoba mwenyewe, akairudisha ndani, akatoka akamwuliza Nick kama amekula. Kuku alichinjwa. Nick alilala, akaondoka kesho yake akiwa amepewa nauli na heshima zote. Mimi siku hiyo sikumpikia Mutunga chai, naye alijua sababu. Alikwenda mwenyewe akauhamisha ule waya ili rilei isikilize injini na si redio, na tangu hapo betri haijafa tena, si Kimana wala popote. Soipan hututumia maziwa lala. Ungepita pale uani ungesema ni nyumba yenye amani.

Lakini mimi ninakaa upande wa pili wa ukuta. Makokha hakumgombeza mkewe, hakumpiga, hakumnunia. Amekuwa na adabu tu. Nakhumicha akisema anakwenda mkutano wa akina mama kanisani, anamwuliza kwa sauti ya chini watazungumzia nini. Simu ikilia, anasubiri ajue ni nani. Mara nilimwona kupitia dirisha lao akiinama akitazama chini ya kitanda, nikasikia na moyo wangu ukilia, maana huyu ni mtu ambaye hakuwahi kutafuta kitu katika nyumba yake. Nakhumicha amemwomba msamaha mbele ya mchungaji na mbele yetu. Amesamehewa kila mara. Aliwahi kuniambia, akiwa anachambua mboga zangu kwa mazoea, kwamba angetamani arushiwe hata sahani.

Msimu wa Valentine shamba hufanya kazi hadi jioni, na basi la wafanyakazi huwarudisha. Siku moja hawakufika hadi watu walipokuwa wamemaliza kula. Nilimsikia Nakhumicha akiingia, amechoka, akieleza kwamba basi lilipata pancha kabla ya kutoka Isinya. "Pole," Makokha akasema, akampashia ugali. Nililala nikiwa na furaha. Nilijisemea kwamba limekwisha, Mungu ni mwema.

Asubuhi nilikuwa barabarani nikinunua maziwa nikawaona wakija pamoja, yeye amembebea mkewe mkoba. Basi la shamba likasimama. Makokha alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akapita mbele hadi dirisha la dereva, akamsalimia kwa mkono, akamwuliza habari za watoto. Nakhumicha alikuwa amesimama kwenye ngazi, wenzake nyuma yake wakimsubiri apande. Na kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, Makokha akamwuliza dereva ni gurudumu gani lililopata pancha jana.